Wino Umekwisha Tena

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua printa! Tena ya yote ndani ya moja: inachapa, inatoa kopi, inaskani. Bei ya kutupa. Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme amesema ni nadra kumpata mteja anayejua anachotaka kama mimi. Alikuwa ananivika kilemba cha ukoka, nilimwona. Nikakivaa hivyo hivyo. Tangu nistaafu hakuna aliyenisifu hata kwa kuvaa soksi zinazofanana.

Alijaribu kunitajia nyingine, ya matangi, ile unayoimiminia wino wa chupa mwenyewe. Eti ghali leo, nafuu kesho. Bei yake mara tatu ya hii! Nikamwambia mimi nimekuwa karani wa stoo maisha yangu yote ya kazi, haniingizi mjini. Akafunga boksi.

Sasa mpango. Mtaa mzima unatoa kopi kwa Kalamu, mwenye steshenari ng'ambo ya barabara. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu ya kalamu isiyobanduka sikioni kwake. Ana benchi nje. Watu wanakaa pale wakisubiri karatasi zao, wanapiga soga, wanacheka mpaka nawasikia sebuleni kwangu. Mimi na Kalamu hatuelewani tangu aliponitoza kwa karatasi iliyotoka tupu. Tupu kabisa! Akasema karatasi ni karatasi. Sijakanyaga tena. Basi sasa watu watakuja kwangu. Mimi nina sofa. Benchi na sofa, wapi na wapi!

Na wakishajaa, ndipo lengo lenyewe. Mke wangu alikwenda kwa binti yetu kumlea mjukuu mchanga. Alisema atarudi mtoto akikaza shingo. Mtoto sasa anatembea kwa kushika viti, mwezi huu huu anatimiza mwaka, shingo imekaza kama ya fahali, na bibi yake bado yuko huko. Ningeweza kumwambia rudi, nimechoka kukaa peke yangu. Thubutu! Mwanamume mzima? Lakini biashara ikinizidi nguvu, nitamwambia nahitaji msaidizi. Atarudi mwenyewe, na mimi sitakuwa nimeomba kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiweka mezani, pale mke wangu anapokaa kula. Pamependeza. Asubuhi ukiiwasha inalia krrr, krrr, inakoroma, inavuta pumzi, halafu tak. Nyumba ikachangamka. Nilijikuta nimeiamkia.

Nimechapa matangazo ya rangi, yale ya herufi kubwa: KOPI, KUCHAPA, KUSKANI, KUNA SOFA. Moja mlangoni, moja getini, mengine kwenye kila nguzo, pamoja na ile iliyo mbele ya pua ya Kalamu.

Hakuna aliyekuja. Jioni mke wangu akapiga simu. Nikamwambia wateja wamejaa. Akauliza mbona kimya hivyo. Nikasema wanasoma walichochapa.

Baadaye akanitumia picha ya mjukuu amekaa ndani ya beseni. Nikaichapa, ukurasa mzima. Lo! Mtoto amependeza utadhani yuko hapa hapa. Nikamchapa tena, ile ya kofia. Kisha nikachapa ile ambayo mke wangu yuko nyuma yake, anacheka na mtu asiyeonekana. Zote nimezibandika ukutani. Halafu nikaizima printa, na swichi ya ukutani nikaizima pia. Lazima kubana matumizi.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja! Mwalimu wa chekechea. Kwa Kalamu foleni ilikuwa ndefu na goti linamsumbua. Alitaka kurasa za picha za wanyama, watoto wake wapate kuwataja majina. Nikamkalisha kwenye sofa. Nikamtengenezea chai. Printa ikauliza nataka haraka au ubora wa juu. Haraka ya kwenda wapi? Nikachagua ubora wa juu kuliko wote. Ukurasa mmoja unatoka kwa muda wa kumaliza nusu kikombe.

Akanisimulia goti, akanisimulia dada yake, akanisimulia mwalimu mkuu anayeficha chaki kabatini. Sijasikia habari nyingi hivyo tangu mwaka jana. Nilifurahi mpaka nikasahau kuziangalia karatasi.

Aliyeziangalia ni yeye. Twiga wa waridi. Simba wa waridi. Kifaranga hayupo kabisa, kuna macho na mdomo tu katikati ya karatasi nyeupe. Manjano imekwisha! Nikamwambia labda ni aina nyingine ya twiga. Akasema kwa upole kwamba watoto wa miaka minne hawana mchezo na twiga, watambishia wiki nzima. Akaniachia kurasa zangu, akavuka barabara akichechemea. Nikamwona dirishani amekaa kwenye benchi.

Ijumaa, 7 Machi

Dukani. Katriji ya rangi, kile kikasha cha wino, inakaribia bei ya printa yenyewe! Macho yalinitoka pima. Na manjano peke yake haiuzwi. Rangi zote tatu zimo katika kasha moja, ikiisha moja unatupa na zilizobaki. Nikauliza ya kwangu iliishaje kabla hata sijaizoea. Muuzaji akasema zile zinazokuja ndani ya boksi ni za kuonjea tu, hazijazwi. Za kuonjea! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe nusu.

Sikukubali. Nimenunua chupa za wino kwenye kibanda cha pembeni, na bomba la sindano. Nitaijaza mwenyewe. Mke wangu husema nina mkono wa birika. Haya, leo mkono huo ufanye kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaza. Sitaki kulizungumzia.

Sawa, nitalizungumzia, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Manjano iliingia vizuri. Bluu ilikataa. Nikaisukuma. Ikakubali yote kwa mpigo na kutokea upande wa pili. Sofa! Kitambaa cha sofa alichokidarizi mke wangu! Mikono yangu mpaka viwikoni. Nikajifuta jasho usoni kabla sijakumbuka. Printa ikaichunguza ile katriji kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwenye kidirisha chake kwamba haiitambui. Ala! Na sisi tumelala nyumba moja wiki nzima.

Mke wangu alipiga simu ya video. Sikupokea. Nikamwandikia kwamba nimezidiwa na wateja.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi bomba amekuja, anataka kuskani kitambulisho. Nikapumua. Kuskani hakuli wino! Printa ikakataa. Inataka katriji ya rangi kwanza. Nikaieleza, kwa sauti, kwamba kuskani ni kutazama tu, na tangu lini kutazama kukahitaji wino. Fundi bomba akanitazama usoni, ambako bluu bado haijatoka. Akasema atapita baadaye. Akavuka barabara.

Jumanne, 11 Machi

Kalamu amekuja kwangu! Yeye mwenyewe, na kalamu sikioni. Nikajua tu: ameanza kuogopa.

Akakaa kwenye sofa, juu ya bluu yenyewe, ambayo bado ina umajimaji. Sikumwonya. Akaitazama printa, akautazama ukuta. Picha za mjukuu nilizochapa kabla wino haujaisha zimefika mpaka dirishani. Akauliza kama zote hizo zimetoka kwenye mashine hii. Nikasema ndiyo, tena kwa ubora wa juu. Akauliza huwa naizima vipi. Nikamwambia kwa swichi ya ukutani, kila jioni, na hata mchana nikitoka. Halafu nikirudi naiwasha, nisikie kitu kinalia ndani.

Akashika kichwa. Eti ule mlio ni printa inajisafisha vichwa vyake, na inajisafisha kwa wino. Ukiikatia umeme ukutani inakuwa haijui imelala muda gani, basi kila ukiiwasha inaanza kujisafisha upya. Niizime kwa kitufe chake na kuiacha hapo hapo. Kazi za kawaida nizichape kwa ubora wa chini, macho ya watu hayataona tofauti. Picha nikazitoe kwake, atanifanyia bei ya jirani. Na kama kweli nataka kazi, niiuze hii nichukue ya matangi.

Kisha akasema jambo la ajabu. Kwamba asubuhi analemewa, rimu za karatasi zimemwangukia juzi, anahitaji mtu anayejua kupanga stoo. Na hata bila kazi, benchi lipo pale. Akauliza mbona nimepotea.

Nikamshukuru, bila kumkaribisha chai. Mtu anatoka kwake mpaka sebuleni kwangu kunishauri niuze mashine yangu! Anajua nitampiga bao. Alipotoka suruali yake ilikuwa bluu nyuma. Alipofika benchini watu wakamwonyesha. Nilitegemea atafoka. Akacheka yeye kuliko wote, akajizungusha kama bibi harusi ili kila mtu aone. Nilitamani kwenda kucheka nao. Sikwenda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesalimu amri, nimenunua katriji halisi. Pensheni imelia. Lakini printa imeitambua mara moja, ikalia krrr kwa furaha, na nyumba ikapata uhai.

Na leo neema juu ya neema. Binti amenitumia nauli kwa simu! Sherehe ya mjukuu kutimiza mwaka ni Jumapili ya tarehe 23, nipande basi la Jumamosi yake. Ameandika kwamba mama yake ameshanitandikia.

Kabla sijakaa chini, mwalimu wa chekechea huyo. Anataka vyeti vya watoto arobaini wanaomaliza, vya rangi, vyenye jua na nembo ya shule, viwe tayari Alhamisi. Nadhani amenihurumia, lakini kazi ni kazi. Huu sasa ndio mzigo! Nikampigia mke wangu kumwambia nimepata tenda. Akanipongeza. Nikavuta pumzi nimtajie habari ya msaidizi. Mtoto akalia, bibi yake akakata simu.

Jumapili, 16 Machi

Kalamu hafungui Jumapili. Mtaa kimya. Hakuna hata wa kumchukia.

Binti amenitumia picha za maandalizi: puto, keki ya majaribio iliyoungua, mke wangu amejifunga khanga kiunoni anapiga deki. Nimezichapa zote. Kwa ubora wa juu, ndiyo. Sasa mtu nimchape mke wangu kwa ubora wa chini?

Na nimeiwasha na kuizima printa mara kadhaa. Najua alichosema Kalamu. Lakini leo nyumba nzima haikutoa sauti nyingine. Nilikohoa mara moja nikashtuka. Mimi ni mpweke. Basi, nimeandika, hakuna atakayesoma.

Jumatano, 19 Machi

Vyeti! Nimeanza saa mbili asubuhi, shati la kazi, karatasi ngumu. Kumi na saba vimetoka safi, jua la manjano linawaka kabisa. Cha kumi na nane jua limekuwa la waridi. Cha kumi na tisa hakuna jua, kuna mtoto aliyefaulu gizani.

Wino umekwisha tena! Nikaigonga printa ubavuni. Ikaandika samahani. Hiyo samahani yenyewe inaandikwa kwa taa, haitumii wino, ndiyo maana imejaa.

Mbio dukani. Katriji, bei ile ile. Pensheni mwisho wa mwezi. Nikasimama katikati ya duka, na hapo macho yakaangukia boksi. Printa kama yangu. Ofa bado inaendelea. Na ndani ya boksi kuna katriji zake!

Wazo hilo lilinipa joto mwili mzima. Printa mpya na wino wake, tofauti na bei ya katriji peke yake ni ndogo tu. Sasa nani ananunua wino? Wajinga! Muuzaji mwenyewe akaingiwa na huruma, akanikumbusha kwamba zile za ndani ni za kuonjea. Nikamwambia ndugu yangu, na mashine je, si kama napewa bure?

Fedha iliyokuwapo ilikuwa ya nauli. Nimeitumia. Binti ataelewa, mtu mwenye printa mbili si mtu wa kuondoka ondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Printa ya pili imetoa vyeti kumi na viwili, kisha ikaanza majua ya waridi kama ndugu yake. Mwalimu alikuja kuchukua. Akavihesabu, akanilipa vilivyo vizuri, akasema vilivyobaki atavipeleka ng'ambo. Chai hakunywa, watoto walikuwa wanamsubiri. Mlangoni akasema Kalamu ananisalimu sana, anauliza mzee wa printa anaendeleaje. Mzee! Nikamwambia amwambie mzee ana mashine mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Basi limeondoka. Sikuwamo. Nilimpigia binti nikamweleza kwamba kazi zimerundikana, siwezi kuwaacha wateja njiani. Akauliza kama nauli ilifika. Nikasema ilifika, nimeiweka pazuri. Akasema haya, baba.

Ile "haya" imenikaa kifuani mchana kutwa. Nimezipanga printa mbili ubavu kwa ubavu, nikazifuta vumbi, nikakaa kwenye sofa kuzitazama.

Jumapili, 23 Machi

Wamepiga simu wote kwa pamoja. Makelele, puto zinapasuka, mkwe anaimba vibaya. Mjukuu amepiga hatua tatu bila kushika kitu. Sikuziona, simu ilikuwa imeelekezwa darini. Nikapiga makofi na dari.

Kisha mke wangu akaichukua simu, akaingia nayo chumba cha ndani, akafunga mlango. Akasema leo hataki habari za wateja wala tenda. Binti amepata yaya, kazi yake pale imekwisha. Anachotaka kujua ni kimoja. Kama niko mpweke, nimwambie tu neno moja, na kesho asubuhi atapanda basi.

Neno moja! Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikasikia jinsi nyumba ilivyonyamaza, nikajua na yeye anausikia ukimya huo huo. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikanyoosha mkono, nikaziwasha zote mbili kwa mpigo. Krrr, krrr, tak! Hii ikinyamaza, ile inadakia. Nikapaza sauti. Mpweke, mimi? Kwa umati huu? Nikageuka nikauambia mlango usubiri, namhudumia aliyetangulia.

Mke wangu akasikiliza kwa muda. Sauti yake ikashuka. Akasema basi, anashukuru Mungu, moyo wake umetulia. Kwa kuwa mimi sina shida, atabaki huko huko mpaka mtoto aanze chekechea, maana amemzoea mno. Akanitakia kazi njema. Habari ya msaidizi sikupata nafasi ya kuitaja.

Wino umekwisha kwenye zote mbili. Lakini nilimweza! Aliamini kila kitu. Nimekaa jioni nzima nikitafuta nilipokosea na nimepaona. Printa mbili zinatoa mlio wa kazi ambayo mtu mmoja anaimudu. Kesho narudi dukani na malipo ya vyeti, ofa bado ipo. Zikilia tatu kwa pamoja, atasikia mwenyewe kwamba hapa panahitajika mtu wa pili.